Rangi ya Malbise

Shangazi yangu Solange Thévenard alikuwa na mikono mibaya. Nasema hivi kwa heshima. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa havikunjuki tena, kwa sababu ya miaka arobaini ya kushika mkasi wa kupogolea mizabibu katika miezi ambayo chuma hunata kwenye ngozi. Akikupa mkono, ulikuwa kama umepewa kipande cha mzizi.

Shamba lake liliitwa Malbise, na halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo wa Courcelot, watu wa mjini, wenye nyumba ya ghorofa mbili na lango la chuma. Lakini kila mzabibu uliokuwa Malbise ulipandwa na babu yangu, baba yake Solange, aliyebeba udongo kwa kikapu mgongoni kila ulipoporomoshwa na mvua. Alilima kwa mkataba wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi anachukua nusu ya mistari na zabibu zake, mkulima anabaki na nusu nyingine na kutengeneza divai yake mwenyewe. Mkataba hudumu miaka kumi na minane, na husainiwa siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba. Babu alipokufa, Solange aliurithi pamoja na mapipa, mkasi na maumivu ya mgongo.

Ndani ya mkataba ule mlikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma kwa sauti kwa miaka hamsini. Kilisema kwamba divai ya mkulima ikinyimwa jina la kijiji, mwenye ardhi ana haki ya kulichukua shamba. Jina hutolewa na kamati. Kila mwisho wa baridi watu watano huketi katika darasa la shule ya zamani, huonja divai za wote bila kuambiwa ni ya nani, na kusema ipi inastahili kuitwa divai ya kijiji chetu. Inayokataliwa humiminwa kwenye chupa za lita moja zenye vizibo vya plastiki, ikauzwa kama kitu kisicho na mama.

Malbise ni mahali pa baridi. Liko juu kabisa, kwenye mdomo wa bonde, na upepo wa kaskazini ukija hupita pale kwanza ndipo ushuke kwetu. Zabibu zake huiva wiki mbili baada ya zile za chini. Ni za aina ya pinoti, zenye ganda jembamba kiasi kwamba ukizielekeza juani unaziona mbegu. Ganda ndilo linaloipa divai rangi, na ganda jembamba lililokulia kwenye baridi halina rangi nyingi ya kutoa. Kwa hiyo divai ya Solange ilikuwa nyekundu kama ulimi wa mtoto aliyekula cheri. Ungeweza kusoma gazeti kupitia bilauri. Ukiionja mara ya kwanza ilikubana mashavu, ukakasirika. Ukingoja kidogo, ilikuja harufu ya cheri kali, ya majani yaliyolowa, ya moshi wa mbali, na ule ukali ukageuka kuwa kitu kama maji ya chemchemi unapokuwa na kiu kweli. Haikulewesha haraka wala haikujaza mdomo. Iliondoka, ukabaki unaifikiria.

Wanywaji wa mijini hawakuipenda. Wamefundishwa kwamba divai nyekundu lazima iwe nyeusi na nzito, kama supu. Na sisi wa kijijini, badala ya kuwaambia ukweli kuhusu ardhi yetu, tuliwapa supu.

Tuliwapa hivi. Mwaka wa baridi kali, wakati divai imeshatulia mapipani, lilikuja lori la tangi kutoka kusini, kwenye jua, limebeba divai nyeusi tii. Zamani za babu ilikuja kwa meli kutoka Algeria. Sheria inakataza, na kila mtu aliijua sheria. Lori liliegeshwa nyuma ya kanisa saa nne asubuhi, na watu wakaenda na madumu yao bila kuficha chochote. Divai ile waliiita daktari. "Daktari amefika," wakaambiana dukani, mbele ya mke wa askari, ambaye naye alikuwa na dumu lake. Sehemu moja ya daktari kwa sehemu saba za mgonjwa, na mgonjwa akapata rangi, akanenepa, akapita mbele ya kamati kifua mbele.

Solange hakuwa mtakatifu. Alitia sukari kwenye maji ya zabibu mwaka ulipokuwa mbaya, kiasi kinachoruhusiwa, kama kila mtu. Lakini daktari hakumwingiza ndani. Babu hakumwingiza, na yeye hakumwingiza, na kwa miaka mingi kamati ilipitisha divai yao kwa kununa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa miaka ya themanini, na kiangazi chake hakikuja. Mwezi wa Agosti tulivaa sweta. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea utengenezaji wa divai, kichwa kimejaa hasira na kemia. Wakati huohuo mzee Courcelot alikuwa amefariki, na mwanawe Étienne ndiye aliyeshika mambo. Étienne alitaka kung'oa mizabibu ya babu na kupanda miche mipya inayozaa mara mbili. Mkataba wa Solange ulikuwa unaisha Novemba ya mwaka uliofuata. Étienne hakusema mengi. Siku moja tu alipita uwanjani kwa Solange, akakataa kuketi, akasema, "Mama Thévenard, kile kifungu cha jina unakikumbuka?"

"Nakikumbuka, bwana."

"Vizuri. Mimi nafuata karatasi tu."

Mwishoni mwa Septemba wote walivuna kwa kuogopa mvua. Étienne alileta wavunaji wake wakavuna mistari yake ya Malbise. Mistari ya Solange ilibaki peke yake kule juu, na kijiji kizima kikaigeuza mazungumzo. Firmin Goujeon, jirani yake aliyekua naye tangu wakiwa watoto, mtu wa tumbo kubwa na ulimi usiolala, alisimama chini barabarani akapaza sauti.

"Solange, unangoja nini huko? Unangoja ziwe zabibu kavu utupikie keki?"

"Nangoja ziache kuwa ndimu."

"Mvua itakuja kuzivuna kabla yako."

"Basi itakuwa imenisaidia kazi. Wewe zako umezivuna zikiwa na meno?"

"Zangu zitapata matibabu," Firmin akasema, na wote barabarani wakacheka, kwa kuwa walijua matibabu gani.

Mvua ilikuja siku tatu, kisha ikaja wiki ya jua dogo la kuazima, na tarehe kumi na nne ya Oktoba tukavuna. Solange aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuchambua kila kichala, akichomoa punje zilizooza moja moja kwa ncha ya kisu. Theluthi nzima tuliitupa. Zilizobaki alizitia kwenye pipa kubwa la wazi, nyingine pamoja na vikonyo vyake. "Kikonyo ni mfupa," aliniambia. "Divai nyembamba bila mfupa inaanguka."

Kwa siku sita pipa lilikaa kimya. Ghala lilikuwa la baridi mno kwa hamira ya zabibu kuamka. Nilitaka kununua hamira ya dukani. Alinitazama kama niliyependekeza tumnunulie mtoto baba. Alijaza maji ya moto katika makopo ya maziwa ya zamani, akayafunga, akayazamisha ndani ya pipa, akayabadilisha asubuhi na jioni. Siku ya saba tukasikia mnong'ono. Siku ya nane maganda yakapanda juu, yakafanya blanketi nene, na ghala likanuka waridi na mkate.

Maganda yale lazima yashushwe tena ndani ya maji kila siku, la sivyo yanakauka na kuchachuka kama siki. Solange aliyashusha kwa miguu, kama zamani. Kabla ya kuingia aliteremsha mshumaa kwa kamba hadi juu ya maganda, akauangalia kama unazimika. Mumewe Lucien alikufa ndani ya pipa hilohilo, mwaka wa tatu wa ndoa yao, kwa ile hewa mbaya inayotoka divai ikichemka. Aliinama tu, kama mtu aliyeangusha kitu, na hakuinuka.

"Shangazi, ngoja niingie mimi," nikasema.

"Wewe una miguu ya kusomea. Shika mshumaa."

Akaingia, mwanamke wa miaka sitini na moja, sketi imefungwa kiunoni, akishikilia boriti, akikanyaga polepole. Alikuwa akiniambia anachokisikia kwa miguu yake: hapa pana joto, hapa bado baridi, huku maganda yameshalainika. Chuoni tulikuwa na vipimo vya joto vya kila aina. Hakuna kilichonifundisha kama ile miguu.

Novemba lori likafika. Dereva, ambaye naye aliitwa daktari, alipita langoni kwetu kwa mazoea. "Mama, mgonjwa wako hali gani?"

"Hajambo. Amezaliwa mweupe tu."

"Rangi yake hiyo kamati haitaipenda."

"Kamati haimzai," Solange akasema, akafunga lango.

Mimi nilimshangilia. Nakumbuka nilimwambia kwamba mwaka huo tutawaonyesha. Nilisema "tutawaonyesha", kana kwamba shamba lililokuwa hatarini lilikuwa langu.

Februari kamati ilikaa. Walihitaji mtu wa kuandika alama, na kwa kuwa nilikuwa na cheti, waliniita mimi. Kwa hiyo nilikuwepo. Étienne Courcelot alikuwa mwenyekiti. Firmin alikuwa mmoja wa wale watano. Chupa zilipangwa mezani zimevalishwa soksi za sufu ili zisijulikane, kila moja na namba yake. Kumi na tisa kwa jumla. Kumi na nane zilipomiminwa zilikuwa nyeusi kama wino, zote ndugu wa baba mmoja, na baba huyo alikuwa wa kusini. Namba kumi na moja ilipomiminwa, ilikuwa inang'aa.

"Hii wameoshea bilauri," mmoja akasema, na wengine wakacheka puani.

"Imekonda."

"Haina mwili. Hata ukiiita haigeuki."

Étienne aliinusa, akaitema kwenye ndoo, akasema kwa upole, "Mimi sisemi ni mbaya. Nauliza tu: je, inafanana na mahali hapa?"

Namba saba ilikuwa Malbise pia. Ilikuwa yake yeye Étienne, iliyotoka kwenye mistari iliyopakana na ya Solange, mizizi ileile, babu yuleyule, upepo uleule. Walikuwa wameipa alama za juu kuliko zote na kusema kwamba hapo ndipo unapoiona ardhi. Niliijua kwa namba, maana orodha ya majina ilikuwa ndani ya bahasha niliyoifunga mimi mwenyewe asubuhi ile.

Wawili walisema namba kumi na moja ipite, kwa sababu mwaka ulikuwa mgumu. Wawili, mmoja wao mwenyekiti, walisema isipite. Akabaki Firmin. Alikuwa ameishika bilauri kwa muda mrefu. Aliinywa. Hakuitema kama wenzake, aliimeza yote, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akaiweka mezani na kuitazama ndoo.

"Haifanani na mahali hapa," akasema.

Niliandika. Mkono wangu ndio ulioandika: namba kumi na moja, imekataliwa, haina sifa za mahali ilikotoka. Ningeweza kusimama na kusema ninachokijua. Ningetaja lori, madumu, kanisa. Sikusimama. Nilijiambia kwamba karani hana sauti, na nikapiga mstari kwa rula.

Barua ilifika Jumamosi. Jumapili baada ya misa Firmin alikuja jikoni kwa Solange na sungura aliyechunwa, amefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa pale. Solange alikuwa akimenya viazi na hakuinuka.

"Ulijua ni yangu?" akamuuliza.

"Solange, niache nikae kwanza."

"Kaa. Ulijua?"

"Nilijua kabla sijaipeleka mdomoni. Nani mwingine hapa ana kitu kama kile?"

"Ilikuwaje?"

Firmin alivua kofia akaiweka gotini. "Nzuri. Kuliko ya baba yako."

"Na ukasema haifanani na mahali hapa. Inafanana na wapi, Firmin?"

"Ungetaka niseme nini? Yako ikipita ikiwa vile, mnunuzi wa kwanza atakayeziweka mezani yako na yangu atauliza. Atauliza kwa nini mizabibu ya bonde moja inazaa watoto weupe na weusi. Wakileta wapimaji, hakuna nyumba itakayosalia hapa. Nina mabinti watatu, Solange. Wewe uko peke yako."

"Ndiyo. Niko peke yangu," Solange akasema, na akaendelea na kiazi.

Firmin akaeleza alichokijia. Kulikuwa na nafasi ya kuonjesha tena mwezi wa Aprili, mara moja tu. Yeye alikuwa amebakiwa na madumu manane ya daktari. Angeyaleta bure. Angehakikisha watatu wanapiga kura vizuri. Étienne mwenyewe hangeweza kuikataa divai iliyo sawa na yake.

Hapo mimi nikalipuka. Nilimwambia Firmin kwamba yeye ni mwizi na mwoga. Nilimwambia shangazi kwamba nitaandika gazetini, nitakwenda mpaka Paris, nitaleta wapimaji mimi mwenyewe na kijiji kizima kitaona aibu. Nilimwambia heri kupoteza shamba kuliko kuuza kitu ambacho babu alikilinda maisha yake yote. Nilisema maneno mazuri. Bado nayaamini yote.

Solange aliningoja nimalize.

"Ukishawaleta wapimaji, na kijiji kimeshaona aibu," akasema, "Malbise italimwa na nani?"

"Angalau ukweli utajulikana."

"Nimekuuliza nani atapogoa."

Nilivuta kiti nikaketi.

"Mizabibu haijui kilichomo pipani," akasema. "Inajua mkasi, inajua mvua. Ikija trekta ya Courcelot kuing'oa, hilo nalo itajua. Firmin, yalete madumu yako. Na huyo sungura mrudishe kwa mkeo."

Yaliletwa Jumatatu. Nilikataa kuyagusa. Nilisimama mlangoni mwa ghala, mikono mfukoni, nikiwa na haki yangu yote, nikamtazama shangazi akiinua madumu ya lita ishirini kwa ile mikono isiyokunjuka na kuyamimina kidogo kidogo kwenye mapipa yake matano. Alimwaga mengine chini kwa sababu faneli haikuwa na wa kuishika. Hakuniita. Kila pipa alilichanganya kwa mti, akachota kidogo, akainua kwenye mwanga wa dirisha, akaongeza. Harufu ya cheri ilikaa ghalani kwa muda, kisha ikaja ile nyingine, ya jamu iliyoungua, na hatukuinusa tena ile ya kwanza.

Aprili divai ilipita kwa kura tano kati ya tano. Safari hiyo karani alikuwa mtu mwingine, nilisema ninaumwa. Niliisoma karatasi yao baadaye. Iliandikwa: imejaa, ina rangi nzuri, sura halisi ya mahali ilikotoka. Waliongeza kwamba mkulima anapongezwa kwa kazi yake katika mwaka mgumu.

Watu husema Solange alishindwa. Nilisema hivyo mimi pia, na kwa miezi mitatu nilipita mbele ya nyumba yake bila kuingia. Leo nasema kwamba aliibiwa, na walioiba walikuwa wengi: wanywaji wanaodai nguvu kutoka kwenye ardhi ya baridi, kamati iliyosahau ladha ya nyumbani kwao, majirani waliodanganya pamoja mpaka mkweli mmoja akaonekana mgeni, na karani aliyejua kupiga mstari kwa rula. Yeye alikuwa na vitu viwili vya kupenda, shamba na divai yake, akaambiwa achague, na akachagua kile kinachoweza kufa.

Tangu siku ile hakunywa tena divai yake. Kwenye chakula cha kumaliza mavuno, ambapo kila nyumba huleta chupa zake na kumiminia wengine, aliwamiminia wote meza nzima, akajiwekea maji. Firmin aliona. Hakufanya mzaha wowote jioni ile, na wenzake wakamuuliza kama anaumwa.

Siku ya Mtakatifu Martin, Étienne Courcelot alikuja na mkataba mpya. Hakuwa na pa kukwepea, maana karatasi zilikuwa sawa na yeye alikuwa mtu wa karatasi. Kusema kweli hakuonekana kuudhika. Alikuwa ameambiwa na wanunuzi kwamba Malbise ya mjane ilikuwa imebadilika, na akaomba aionje kutoka pipani. Solange akamchotea. Akachota na bilauri ya pili, kwa sababu ni utovu wa adabu kumwacha mgeni anywe peke yake, akaishika tu.

"Mama Thévenard, mwaka huu umejishinda," Étienne akasema. "Hii ndiyo divai ambayo marehemu baba yangu aliingoja kutoka shamba hili. Wewe mwenyewe unaionaje?"

Solange akaiinua bilauri yake kwenye dirisha. Hakuna kilichoonekana upande wa pili.

"Ni nyeusi," akasema.

"Ndiyo," Étienne akajibu kwa furaha. "Hatimaye."

Akafungua mkataba juu ya pipa na kumsogezea kalamu. Miaka kumi na minane. Ukiisha, Solange atakuwa na miaka themanini. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akairudisha divai yake pipani bila kuionja, akavaa koti la marehemu mumewe na kupanda Malbise, kwa sababu mistari ya chini ilikuwa haijaanza kupogolewa.